Bwawa Linanuka, Samaki Wanahema: Tafuta Kinachozuia Vimeng'enya Kabla ya Kununua Vingine

Mfugaji wa samaki wa huku kwetu Kisumu akilalamika kwamba bwawa limeanza kunuka, mara nyingi anayemjibu kwanza ni muuzaji wa unga. Pakiti imeandikwa kwamba ndani mna vimeng'enya (enzaimu, yaani protini zinazokata mabaki vipande vidogo) vya kula matope, kusafisha maji na kuondoa harufu. Pesa inatoka, unga unamwagwa, na baada ya wiki kadhaa harufu iko palepale. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mfugaji huyo, kwa mwenye vizimba vya samaki ziwani kule Usoma, Ogal au Homa Bay, na kwa yeyote anayeteka maji ya ziwa kwa matumizi ya nyumbani. Msimamo wangu niuseme mapema: katika maji yetu yenye joto, vimeng'enya vya kuozesha ni nadra sana kukosekana. Kinachokosekana ni hali ya kuviwezesha kufanya kazi.

Nani anaozesha nini

Bakteria hana mdomo. Chakula chake lazima kipenye kwenye utando wa mwili wake, na kinachopenya ni molekuli ndogo tu, zenye uzito usiozidi daltoni 600 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Jani la gugumaji, mzoga wa omena, punje ya chakula cha samaki, vyote ni vikubwa mno kwake. Kwa hiyo bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vikakikata kile kitu vipande vidogo, kisha wao wakanyonya vipande hivyo.

Selulasi na beta-glukosidasi hukata selulosi ya mimea hadi iwe sukari. Protiasi hukata protini, lipasi hukata mafuta, kitinasi hushughulikia maganda ya wadudu, fosfatasi hubandua fosfeti kutoka kwenye mabaki, na yureasi hugeuza yurea ya samadi kuwa amonia. Lignini, ile inayolipa bua ugumu wake, ina kundi lake: fenoli oksidasi na peroksidasi, ambazo nyingi hutolewa na kuvu.

Ukishika mambo mawili, sehemu kubwa ya dalili zinazofuata utaielewa. La kwanza, kazi ya kukata haihitaji oksijeni kwa vingi vya vimeng'enya hivi, lakini bakteria anayekula vipande anaivuta oksijeni kwa pupa. La pili, fenoli oksidasi ni tofauti na wenzake: yenyewe haiwezi kufanya kazi bila oksijeni. Kwa hiyo pasipo hewa, kilicho laini huoza kwa njia chafu na kilicho kigumu hakisogei.

Dalili: samaki wanatoa midomo juu alfajiri

Hii ndiyo dalili inayoua samaki wengi na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Samaki wanajazana juu ya maji, hasa pale maji mapya yanapoingilia, wanafunguafungua midomo. Jua likipanda wanatulia. Kesho yake tena. Siku moja baada ya mawingu mengi, unaamka na kukuta wanaelea.

Tazama kwanza ni samaki gani wanaokufa. Kama ngege (tilapia) wamekufa, na wakubwa wametangulia, huku kambare, au mumi kama tunavyomwita, yuko hai na kamongo naye anazidi kuishi, basi tatizo ni oksijeni. Hao wawili wanaweza kuvuta hewa ya juu. Ikiwa mumi pia amekufa, na konokono na wadudu wa majini nao wamekufa, fikiria sumu: dawa ya kunyunyizia mimea iliyooshwa na mvua kutoka shambani, kwa mfano.

Ukishajua ni oksijeni, swali ni nani ameila. Mwani wa kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao unavuta. Juu ya hapo wako waozeshaji. Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Kisumu iko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100, hewa ni nyepesi kuliko pwani, na maji ya nyuzijoto 25 yakishiba kabisa hubeba takriban miligramu 7.2 tu za oksijeni kwa lita. Yaani meta moja ya ujazo ina gramu 7 hivi. Sasa, kilo moja ya chakula kikavu kisicholiwa, ikioza yote, inahitaji oksijeni inayokaribia kilo moja. Gawanya: ni oksijeni ya meta 140 za ujazo. Bwawa la meta za mraba 300, kama yale yaliyochimbwa kote nchini kwenye mpango wa serikali wa 2009, likiwa na kina cha meta moja lina meta 300 za ujazo. Kilo moja ya chakula kilichopotea inadai karibu nusu ya oksijeni yote iliyomo. Haidai kwa usiku mmoja, na hewa inaendelea kuingia kidogokidogo, lakini mfugaji anayepoteza kilo moja kila siku anajenga deni ambalo usiku wa mawingu utakuja kulidai.

Joto nalo linaongeza kasi. Kwa kawaida kuoza huongezeka karibu maradufu kila maji yanapopata joto la nyuzi 10 zaidi. Maji yetu hayashuki sana kutoka nyuzi 24 mwaka mzima, kwa hiyo vimeng'enya havipati msimu wa kupumzika kama kwenye maziwa ya nchi za baridi.

Ona basi kinachotokea ukimwaga unga wa kuongeza kasi ya kuoza kwenye bwawa ambalo samaki wanahema. Kama unga haufanyi kazi, umepoteza pesa. Kama unafanya kazi, ndiyo hatari yenyewe: mabaki yanakatwa haraka zaidi, bakteria wanakula zaidi, na oksijeni inashuka zaidi. Sijui ushauri mbaya kuliko huo kwa bwawa la namna hii.

La kufanya asubuhi hiyo: simamisha chakula na samadi. Chota maji ya bwawa kwa pampu uyarudishe yakiwa yanaanguka na kutawanyika juu ya bati au matawi, maana ni mtawanyiko unaoingiza hewa. Ingiza maji mapya kama unayo. Baada ya hapo pima oksijeni kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Ikiwa asubuhi iko chini ya miligramu 3 kwa lita, punguza chakula mpaka samaki wamalize chote ndani ya dakika chache. Kwa bwawa lenye samaki wengi, kipuliza hewa kitalipa kuliko pakiti yoyote.

Dalili hiyohiyo kwenye vizimba, baada ya upepo

Kwenye ziwa sura inabadilika. Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, haina kina kirefu, na maji ya chini yanakaa juu ya matope yenye mabaki ya mito, ya mji na ya gugumaji. Siku tulivu za jua maji yanajipanga matabaka: ya juu yana joto na hewa, ya chini yameliwa oksijeni na waozeshaji. Upepo mkali ukija unayainua ya chini, na samaki wa kizimba hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi, na kuinuka kwa maji ya chini yasiyo na hewa kulitajwa kuwa chanzo.

Kipimo ni kimoja: shusha kipimo cha oksijeni juu, katikati na karibu na tope. Kama juu ni kuzuri na chini kumebaki karibu sifuri, kizimba chako kinaishi kwa hisani ya utulivu wa hewa. Kisogeze kwenye kina kirefu zaidi na mkondo wa maji, mbali na mdomo wa mto. Kupunguza idadi ya samaki kwa kila meta ya ujazo kunauma, najua, lakini kunauma mara moja.

Gugumaji linastahili neno lake hapa. Likifunika maji, hewa na mwanga havipiti. Likifa pale pale, kwa kukatwakatwa na mashine kisha kuachwa, au kwa kuzeeka, mamia ya tani za mmea kwa kila hekta zinaanza kuoza kwa pamoja. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya uzito huo, zaidi ya asilimia 90, ni maji tu. Hata hivyo kinachobaki kinatosha kumaliza oksijeni ya ghuba ndogo. Majani yanaoza upesi; mashina na mizizi yanachelewa. Kwa hiyo gugumaji lililovunwa litolewe nje ya maji kabisa, likaoze kwenye mboji au kwenye mtambo wa baiogesi, ambako kuoza bila hewa ndiko kunakotakiwa.

Dalili: tope jeusi na harufu ya yai viza

Oksijeni ikiisha kwenye tope, kuoza hakusimami. Bakteria wengine wanachukua zamu, wakitumia naitreti, kisha chuma, kisha salfeti, na mwisho kabisa wanaotoa methani. Wa salfeti ndio wanaotoa harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma cha udongo inatoa ule weusi, yaani salfidi ya chuma. Viputo vinavyopanda ukikanyaga tope na visivyo na harufu, vingi ni methani.

Wa Kano wawe waangalifu. Udongo wa uwanda wa Kano, kuanzia Ahero na mashamba yake ya mpunga hadi Nyando, ni mweusi wa asili. Nimeona watu wakimwaga chokaa na unga kwenye tope ambalo halina shida yoyote kwa sababu tu ya rangi. Chota tope, lieneze kwenye sahani nyeupe, liache hewani. Weusi wa salfidi hufifia na kugeuka kijivu au hudhurungi. Weusi wa udongo haubadiliki. Pua nayo itathibitisha.

Tiba haiko dukani. Ukishavuna, toa maji yote, acha sakafu ya bwawa ikauke hadi ipasuke nyufa, wiki mbili au tatu za jua zuri. Hewa inapoingia kwenye nyufa, vimeng'enya vilevile vilivyokuwemo vinaanza kazi na tope linapungua bila kuongezwa chochote. Tope lililozidi lizoe upeleke kwenye migomba. Kama udongo una asidi, nyunyiza chokaa ya shambani wakati bado una unyevu, kwa sababu bakteria wengi wa kuozesha wanapenda pH (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) ya kati ya 7 na 8. Usichelewe: tope lenye salfidi likivurugwa wakati samaki wamo, gesi ile ya yai viza ni sumu, na inazidi ukali kadiri maji yanavyoelekea kwenye asidi.

Dalili: mabaki hayaozi

Mtu amerundika mabua ya mahindi kwenye kona ya bwawa ili yaoze na kulisha mwani, au maganda ya miwa kutoka upande wa Muhoroni na Chemelil. Miezi inapita, yako vilevile. Hapa ndipo hoja ya kukosekana kwa vimeng'enya inaonekana kuwa na nguvu, na hapa ndipo kuna kipimo rahisi cha kuijaribu.

Nunua kitambaa cha pamba tupu, marekani ile isiyo na nailoni. Pamba ni karibu selulosi tupu. Kata vipande vyenye upana sawa, vishone ncha kwa uzi wa nailoni ambao hauozi. Kimoja kizike kwenye tope, kimoja kining'inize katikati ya maji, kimoja kiweke kabatini. Baada ya wiki mbili au tatu vitoe, vioshe taratibu, vikaushe, kisha ning'iniza kwenye kila kimoja chupa unayoijaza maji kidogokidogo mpaka kitambaa kikatike. Uzito uliokikata unakuambia selulasi imefanya kazi kiasi gani.

Kikiwa kimelegea pote, vimeng'enya vipo na vinafanya kazi. Mabua yako hayaozi kwa sababu ya kilichomo ndani ya mabua. Kikilegea majini lakini kikabaki kigumu kwenye tope, tope halina hewa au lina asidi. Kikibaki kigumu kote, shuku uhaba wa nitrojeni. Vimeng'enya ni protini, na protini haitengenezwi bila nitrojeni. Mabua ya mahindi yana kaboni mara 60 au zaidi ya nitrojeni yake, ilhali waozeshaji wanaenda vizuri penye mara 25 hivi kushuka chini. Ili kuthibitisha, rudia kwenye ndoo mbili za maji ya bwawa, moja ukiitilia samadi kidogo. Kitambaa cha ndoo ya samadi kikikatika mapema, jibu umelipata. Usiharakishe kumwaga samadi bwawani kabla ya ndoo kukujibu.

Sababu iliyobaki ni lignini na ndugu zake, kemikali za mimea ziitwazo fenoli. Mwaka 2001 Chris Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walieleza jambo ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote katika habari hizi za kuoza. Kwenye tope lililojaa maji, fenoli oksidasi haifanyi kazi kwa kukosa oksijeni. Fenoli zinarundikana. Na fenoli zikirundikana zinavizuia vimeng'enya vingine, hata vile visivyohitaji oksijeni. Kimeng'enya kimoja kikilala, wenzake wote wanafungiwa nje. Ndiyo maana mabaki ya mimea hudumu karne nyingi chini ya vinamasi. Ukikausha kinamasi cha mafunjo, kufuli hilo linafunguka: hewa inaingia, fenoli zinaondoka, na akiba ya kaboni iliyokaa miaka inaanza kuoza na kwenda hewani. Wanaojadili kukausha zaidi Kinamasi cha Yala wanapaswa kulitia hili kwenye hesabu zao, pamoja na mahindi na mpunga wanaotarajia kuvuna humo.

Kwa mwenye bwawa, maana yake ni fupi. Mabua yatoe majini, yalundike nje pamoja na samadi, yageuze yapate hewa, na yakishalainika ndipo uyatumie.

Dalili: maji rangi ya chai

Maji yanayotoka kwenye mafunjo, hasa mvua zinapoanza, huwa na rangi ya chai ya rangi. Hizo ni fenoli na jamaa zake zilizoyeyuka. Zinaoza polepole, na jua letu la ikweta linasaidia kuzikata kabla ya bakteria kuzimalizia. Samaki hawadhuriki kwa rangi yenyewe, ila pima oksijeni na pH.

Dalili: samaki wanakufa mchana, maji ya kijani, hakuna kuhema kwa alfajiri

Hapa oksijeni ni nyingi na bado wanakufa. Protini ya chakula kilichobaki inakatwa na protiasi, asidi amino zinavunjwa, amonia inatoka. Samadi mbichi ya kuku inaongeza nyingine kupitia yureasi. Amonia ina sura mbili majini, na ile ya gesi ndiyo yenye sumu. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sura ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 inakuwa zaidi ya theluthi moja. Mwani ukiwa mwingi, kila alasiri unanyonya kaboni dioksidi na pH inapanda hadi huko.

Kwa hiyo pima amonia na pH saa tisa alasiri, si asubuhi. Simamisha chakula na samadi, badilisha sehemu ya maji kwa kuyatoa ya chini. Na chokaa usiiguse siku hiyo, hasa ile ya kuchoma inayotumika kujengea, kwa kuwa itapandisha pH na kuifanya amonia iwe sumu zaidi.

Dalili: unga umewekwa na hakuna kilichobadilika

Anza na hesabu. Mililita moja ya maji ya ziwa au bwawa ina bakteria wapatao milioni moja, na tope lina wengi zaidi mara nyingi. Bwawa letu la meta 300 za ujazo lina basi bakteria trilioni 300 ndani ya maji pekee. Tuseme umenunua gramu 100 za unga wenye bakteria bilioni moja kwa kila gramu. Umeingiza bilioni 100. Kila mgeni mmoja anakutana na wenyeji 3,000, ambao wameshazoea maji hayo, na bado hatujahesabu walio kwenye tope. Kama unga ni wa vimeng'enya vitupu bila bakteria, kumbuka kwamba kimeng'enya ni protini. Wenyeji wana protiasi. Watakila.

Pengine unga wenyewe umekufa kwenye rafu yenye joto. Hilo unaweza kulipima jikoni. Chemsha kijiko cha wanga wa mahindi kwenye kikombe cha maji mpaka uwe uji mwepesi, uache upoe kabisa, ugawe kwenye glasi nne. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili itie mate yako, ambayo yana amilasi na yatakuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Ya tatu itie unga wa pakiti uliokorogwa kwa maji. Ya nne itie unga huohuo uliochemshwa dakika kumi ukapoa, maana joto huua kimeng'enya. Baada ya saa chache tone la ayodini ya duka la dawa liingie kila glasi. Palipo na wanga patageuka buluu nyeusi. Ikiwa glasi ya tatu haikugeuka na ya nne imegeuka, unga una amilasi hai. Zikigeuka zote mbili, haina. Zisipogeuka zote mbili, kuna kemikali nyingine inayoua rangi ya ayodini, na kipimo hakikwambii lolote kuhusu vimeng'enya.

Kwa protiasi tumia maziwa yaliyozimuliwa sana kwa maji, na badala ya mate tumia utomvu wa papai bichi. Glasi yenye protiasi itapungua weupe wake, nyingine zikibaki kama zilivyo.

Unga ukifaulu vipimo vyote viwili, bado hujathibitisha kwamba utasaidia bwawa lako. Kwa hilo rudi kwenye ndoo na vitambaa: ndoo mbili, maji na tope la bwawa lako, moja na unga kwa kiwango kilichoandikwa, moja bila. Mahali ninapoona bakteria wa pakiti wakiwa na nafasi ya kweli ni kwenye tangi jipya la plastiki lililojazwa maji safi ya kisima, ambalo bado halina wenyeji. Hata hapo, ndoo ya maji kutoka bwawa la zamani lenye samaki wazima inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Dalili: utando wa kijani kama rangi ya mafuta ufukweni

Hili si la mabwawa tu; ni la kila nyumba inayoteka maji Dunga, Usoma au Kendu Bay. Bakteria wa kijani-buluu, akiwemo Microcystis, hustawi kwenye Ghuba ya Winam, na baadhi yao hutengeneza mikrosistini, sumu ya ini. Watu wanaamini kwamba maji yakichemshwa au yakiachwa kidogo yatajisafisha. Mikrosistini ni duara la asidi amino saba, na baadhi ya hizo ni za umbo ambalo protiasi za kawaida haziwezi kulikata. Ni bakteria wachache tu wenye kimeng'enya mahususi cha kulifungua duara hilo, na wanachukua muda. Kuchemsha hakuiharibu, kunapasua seli na kuimwaga yote majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku.

Ukiuona utando huo, chukua maji ya mvua, ya bomba au ya kisima. Ng'ombe na mbuzi wasinyweshwe hapo. Samaki waliovuliwa karibu nao watolewe matumbo na maini, yatupwe mbali na mbwa.

Neno kwa wanafunzi wanaopima

Ukipima fosfatasi ukakuta iko juu, usiandike kwamba maji yana fosforasi nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake: mwani na bakteria huitengeneza fosfatasi pale fosfeti inapokuwa haba. Ukitumia njia ya viambata vinavyong'aa kimeng'enya kikivikata, aliyoieneza Hans-Georg Hoppe mwaka 1983, kumbuka kwamba mng'ao wenyewe hubadilika na pH, kwa hiyo linganisha sampuli zikiwa kwenye pH moja, na kila mara uwe na sampuli iliyochemshwa ya kulinganishia. Vipimo vikiwa chini ajabu, uliza maji yalikaa wapi kati ya ziwa na maabara.

Pale ambapo kimeng'enya cha kununua kinafaa

Kipo kimoja ambacho ningekishauri bila wasiwasi, nacho hakimwagwi majini. Chakula cha samaki chenye soya na pumba za mahindi kina fosforasi iliyofungwa kwenye kemikali ya mbegu iitwayo faiteti. Tilapia hana fitasi, kimeng'enya cha kuifungua, ya kutosha, kwa hiyo fosforasi hiyo inapita tumboni na kutoka na kinyesi, ikawa mbolea ya mwani uleule unaokusumbua. Fitasi ikichanganywa kwenye chakula inafanya kazi ndani ya tumbo la samaki, ambalo kwa tilapia lina asidi kali inayoifaa, na mzigo unaoingia majini unapungua.

Ukienda kwa anayekutengenezea chakula, muulize swali moja: fitasi inaingia kabla ya mashine au baada yake? Ikichanganywa na unga mkavu kisha punje zikapikwa kwa joto kali, sehemu kubwa itakuwa imekufa kabla ya kufika kwenye gunia. Inatakiwa inyunyizwe ikiwa ya maji juu ya punje zilizokwisha kupoa, au iwe ya aina iliyotengenezwa kustahimili joto hilo.